Kwa nini manahodha wa Mwanza huzunguka mbali mahali panapoonekana maji matupu?

#1 MtembeziRockCity
Wanajamvi, habari za jioni.

Wikiendi iliyopita tulikodi boti na wenzangu wa kazini, tukatokea upande wa Capri Point kwenda kuzungukia visiwa vya mdomoni mwa Ghuba ya Mwanza. Ziwa lilikuwa limetulia. Tulipoipita Saanane, kisiwa tulichokuwa tunakiendea kilionekana wazi mbele yetu. Hapakuwa na jiwe, gugu maji wala mtumbwi njiani. Ghafla nahodha akakata kulia, akaenda mbali kweli, akalizunguka eneo zima ndipo akarudi kwenye mstari. Kumuuliza, akasema: "Pale hapapitiki." Tulipokuwa tunarudi nikaona boti nyingine nayo imefanya hivyohivyo, ila yenyewe ilizungukia upande wa pili.

Nimefungua ramani ya simu, naona bluu tupu. Pale pana nini? Na kama ni mwamba, mbona hauna alama? Naomba majibu ya kweli maana nafikiria kununua kiboti changu mwenyewe.

#2 KandoYaKirumba
Karibu Mwanza mkuu. Ni mawe. Naweka kambi hapa, najua uzi huu utafika mbali.

#3 MwanaIgombe
Nimezaliwa Igombe, mzee wangu alitega nyavu za makila pale miaka mingi. Sababu ni maji kupanda. Mwaka 2006 ziwa lilishuka vibaya, mawe tusiyoyajua yakatokeza migongo, akina mama wakawa wanaanikia dagaa juu yake. Kisha maji yakarudi, na 2020 yakajaa hadi mialo mingi ikabidi ihame. Kati ya ile shuka na ile panda kuna zaidi ya mita 2.

Piga hesabu mwenyewe. Jiwe lililosimama mita moja na nusu juu ya maji 2006 linakuja kuwa nusu mita chini yake ziwa likijaa. Nusu mita ndipo propela ya mashine ya nje inapozungukia. Huwezi kuliona, na ukipita juu yake halikuachi.

Waliokuwa wakivua 2006 wanajua yalipo. Vijana walioanza kazi baada ya hapo wanafuata tu wanavyoona wakubwa wanafanya.

#4 BibiWaNansio
MwanaIgombe, hilo la maji ni kweli ila halitoshi. Mimi ni wa Ukerewe na marehemu babu alikuwa akizunguka sehemu hizo kabla ya hiyo 2006 yenu. Wazee wetu walishaona ziwa likipanda kati ya 1961 na 1964, tena zaidi ya mita 2 kwa muda mfupi, watu wakahama mashamba yao ya kandokando. Kwa hiyo ukisema ujuzi huu umetokana na 2006 unawanyima wazee haki yao.

#5 MwanaIgombe
Sijawanyima bibi yangu. Nimesema nilichokiona kwa macho. Asante kwa hiyo ya 1961, naichukua.

#6 Nyundo_na_Mwamba
Niongeze upande wa miamba, ndiyo kazi yangu.

Tusizungumze kama vile kuna jiwe moja lililodondoka ziwani. Angalieni vilima vya mjini: Capri Point, Bugando, Mabatini, Igogo. Ni marundo ya mawe makubwa ya granaiti, moja juu ya jingine, mengine yamekaa kama yataanguka kesho. Granaiti hii ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ilipasuka ikiwa bado ardhini, maji yakapenya kwenye nyufa na kuzila kingo, katikati yakabaki mabonge magumu. Udongo ulipokuja kusombwa, mabonge yakabaki yamepandana. Hata lile jiwe la Bismarck pale Kamanga ambalo kila mgeni analipiga picha limetengenezwa hivyo.

Sasa ziwa lenyewe ni la juzi tu ukililinganisha na mawe hayo. Takriban miaka 15,000 iliyopita lilikuwa limekauka. Lilipojaa tena lilikuta vilima vipo tayari. Saanane ni kilima kilichozama miguu. Juma ni kilima, na vile visiwa vidogo vya Ghuba ya Speke ni vilevile. Kati ya kilima kirefu na kirefu kuna vilima vifupi, na hivyo vifupi ndivyo vilivyobaki chini kidogo ya uso wa maji. Kwa hiyo mtoa mada, nahodha wako hakuzunguka jiwe. Amezunguka kilele cha kilima.

Na ndiyo maana kina hubadilika ghafla. Ziwa Victoria halina kina kikubwa, lina mita 80 na kitu penye kina kirefu kabisa na wastani wa kama 40. Karibu na visiwa unaweza kutoka mita 10 hadi mita 1 kwa urefu wa boti yako.

#7 KandoYaKirumba
#6 umemaliza mkuu. Wabeja sana.

#8 Mtu_wa_Kamanga
Hajamaliza. Mimi naendesha boti, na naomba nimsaidie aliyeuliza. Kuna mara tunazunguka na jiwe halipo.

Usiku wavuvi wanatega nyavu, asubuhi nyingine bado hazijavutwa. Siku hizi nyingi ni za timba, nyembamba, mtu hazioni mpaka azikanyage. Ukiipita, propela inaikusanya yote, mashine inazima, na kabla hujafungua kisu mwenye wavu ameshafika na wenzake. Utalipa wavu wa watu na abiria watachelewa. Wavu unahamahama, jana upo hapa na leo upo kule. Hiyo ndiyo sababu boti moja ikazungukia kulia na nyingine kushoto. Jiwe lingekuwa na upande mmoja unaojulikana.

#9 MtembeziRockCity
Aisee, hilo la upande sikulifikiria. Ila boya la wavu sikuliona, na nilikuwa nimekaa omo, mbele kabisa ya boti.

#10 Mtu_wa_Kamanga
Boya lenyewe saa nyingine ni chupa ya maji ya nusu lita. Jua likiwa machoni huwezi kuliona.

#11 OtienoWaMbita
Nawasalimu kutoka Mbita, upande wa Kenya. Kwetu kati ya Rusinga na Mfangano ni story hiyohiyo ya mawe, lakini kuna kitu hamjataja: visiwa vinavyoelea. Mafunjo yanang'oka kando ya ziwa na mizizi na udongo wake, upepo unayasukuma, leo yako hapa kesho yako pale. Captain akijua kuna kipande kimeonekana pande hizo asubuhi, hapiti huko mpaka ajue kimeenda wapi. Na gugu maji likijikusanya kwa Winam Gulf, boti zinaweza kukaa siku nzima zikitafuta njia ya kutoka Kisumu.

#12 Ssese_Boy
Otieno anasema kweli. Huku Uganda, Aprili 2020, kisiwa cha namna hiyo kilisafiri kikakwama kwenye mitambo ya umeme pale Jinja. Nchi nzima iliingia giza. Hicho ni kipande cha majani na udongo tu, kimeizima nchi. Boti yako ya mashine moja itakifanya nini?

#13 Nyundo_na_Mwamba
Hiyo ya Jinja nakumbuka. Ila kwa ghuba yetu, kisiwa kinachoelea ungekiona. Mtoa mada kasema maji yalikuwa matupu.

#14 MzeeWaBusega
Vijana, habari zenu. Mmesema mawe, nyavu na majani, mmeacha heshima.

Kuna mawe ziwani watu hawayapiti juu kwa sababu ni mahali pa watu waliotangulia. Ukifika pale unapunguza mwendo, husemi ovyo, hutupi taka. Nenda Ukara ukaulize juu ya jiwe linalocheza, utaambiwa unapaswa kulisogelea namna gani. Nilipokuwa kijana tulipita karibu na jiwe moja mashariki ya Ghuba ya Speke, nahodha akazima mashine tukapiga makasia mpaka tukalivuka. Hakuna aliyeuliza. Nahodha wenu aliposema "hapapitiki" bila kueleza, mimi nasikia sauti ya mtu aliyefundishwa na mzee wake hivyo.

#15 MwanaIgombe
Mzee wangu, shikamoo. Na mimi nimeyaona hayo. Ila mara nyingi mahali penye mwiko ndipo penye hatari. Mwiko unaweza kuwa njia ya kumzuia kijana asipite juu ya mwamba.

#16 MzeeWaBusega
Marahaba mwanangu. Inawezekana. Lakini lile jiwe tulilopigia makasia lilikuwa limesimama juu ya maji, linaonekana kutoka mbali, hakuna ambaye angeligonga. Basi mwiko wake ulikuwa wa kumzuia nani?

#17 Dada_wa_Luchelele
Hapo mzee amewaweka pabaya 😄

Mimi nina swali la pembeni. Tukifika kwenye visiwa hivyo vya mawe tunaruka kuogelea. Nimesikia penye mawe hakuna kichocho kwa sababu konokono hawapendi mawimbi. Ni kweli?

#18 Daktari_Mvuvi
Dada, hapana, na naomba hili lisomwe na kila mtu. Ni kweli konokono wa kichocho wanapenda maji yaliyotulia yenye majani. Lakini Ziwa Victoria lina aina yake, Biomphalaria choanomphala, anayeishi ndani ya ziwa lenyewe, hata kwenye kina. Mwanza ni moja ya maeneo yenye kichocho kingi nchini. Ukiogelea umejiweka kwenye hatari, iwe mchangani au maweni.

Ukishaogelea, dawa ni praziquantel. Usiinywe siku hiyohiyo, maana inaua minyoo iliyokomaa na haiwawezi wachanga. Subiri wiki 6 hadi 8, kisha nenda kituo cha afya wakupime na kukupa dozi kulingana na uzito wako. Watoto msiwaache nyuma.

#19 Dada_wa_Luchelele
Asante sana daktari. Nimehifadhi.

#20 Pwani_Tanga
Mimi ni mtu wa bahari, nasoma uzi huu kwa hamu. Kwetu nahodha huusoma mwamba kwa rangi ya maji: jua likiwa nyuma yako, kahawia ni mwamba, kijani hafifu ni mchanga, buluu nzito ni kina. Msimamishe mtu omo, aliye na macho mazuri, awe anaonyesha kwa mkono. Na kama maji hayasomeki, shusha bildi. Kamba yenye risasi, yenye mafundo, haihitaji chaji. Mbona manahodha wa ziwani hamfanyi hivyo?

#21 FuruMwekundu
Pwani_Tanga, njia yako ni nzuri ila ndani ya ghuba haitakufikisha mbali. Nimewahi kufanya kazi na watafiti wa samaki hapa Mwanza. Tulikuwa tunashusha kisahani cheupe majini kupima mwisho wa kuonekana. Kusini ndani ya ghuba kinapotea kwenye nusu mita hivi. Ukitoka nje kwenda Ghuba ya Speke, kwenye visiwa kama Makobe, kinafika zaidi ya mita 2. Kwa hiyo mtu wako wa omo ataona jiwe Makobe, ila ndani ya ghuba ataliona likiwa limeshamfikia.

Na kwa kuwa tumefika Makobe, acheni niwaambie kilichoko chini ya mawe hayo, maana watu wanapita juu yake bila kujua. Kuna furu, samaki wadogo wa maweni, wavuvi wanawaita mbipi, wa rangi nyingi. Mmoja, dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa njano, limepewa jina la Mwalimu: Pundamilia nyererei. Ndugu yake ni wa bluu. Wanaishi jiwe moja, mwekundu chini zaidi na wa bluu juu, na majike wanachagua dume kwa rangi. Penye maji meupe wanabaki aina mbili. Penye maji machafu jike haoni rangi vizuri, wanachanganyika, tofauti inapotea. Udongo tunaouachia uingie ziwani kutoka mashambani na mitaroni unafuta aina ya samaki ambayo haiko popote pengine duniani. Mimi jambo hili linaniuma.

#22 KandoYaKirumba
Nimeishi hapa miaka yote na sikujua kuna samaki wa Nyerere. Huyu anapatikana sokoni?

#23 FuruMwekundu
Hapana mkuu, ni mdogo, anaenea kiganjani. Muache pale alipo.

#24 MtotoWaGeita_Ontario
Wakuu, niko Kanada, nina kiboti kidogo na kila kiangazi naenda Georgian Bay, mkono wa Ziwa Huron. Mwambao wa mashariki wa pale wanauita Visiwa Elfu Thelathini. Nilipofika mara ya kwanza nilijihisi niko Mwanza: mawe, maji baridi yasiyo na chumvi, kisiwa juu ya kisiwa.

Tofauti ni hii. Pale serikali imepima sehemu kubwa, kuna chati zinazoonyesha mwamba hata ule uliozama, na kuna njia ya boti ndogo iliyowekewa maboya kutoka mwanzo hadi mwisho. Anayeendesha boti yenye mashine lazima awe na kadi ya kuonyesha amefaulu mtihani. Na bado watu wanagonga mawe kila mwaka, kwa sababu na kule maji yanapanda na kushuka. Januari 2013 Ziwa Huron lilishuka kuliko wakati wowote tangu waanze kupima vizuri, halafu 2020 likajaa sana. Chati inakupa kina kutoka kiwango fulani cha maji, lazima uongeze au upunguze mwenyewe kulingana na ziwa lilivyo siku hiyo.

Kwa anayetaka kununua boti: jifunze maboya. Kanuni ni rahisi, ukiingia kutoka nje, boya jekundu liwe kulia kwako. (Nimeongeza: hiyo ni ya Kanada, Afrika ni kinyume, soma #25.)

#25 Pwani_Tanga
Simama hapo kaka! Hiyo ni kanuni ya Amerika. Dunia imegawanywa kanda mbili za maboya. Marekani na Kanada wako Kanda B, jekundu kulia. Afrika tuko Kanda A: ukiingia kutoka nje, jekundu liwe KUSHOTO, kijani kulia. Mtu akisoma ushauri wako akaja kuutumia huku atapanda mwamba mchana kweupe. Rekebisha tafadhali.

#26 MtotoWaGeita_Ontario
Nimeongeza maelezo pale juu. Asante bwana Tanga.

#27 Nyundo_na_Mwamba
Na mawe ya Georgian Bay yanaonekana kama yetu ila hayakupitia mikono ileile. Yale yamelambwa na barafu, ndiyo maana migongo yake ni laini na mirefu. Yetu yameliwa na maji na joto yakiwa ardhini, ndiyo maana ni mviringo na yamepandana. Kwa dereva wa boti hiyo ni tofauti kubwa. Mgongo wa barafu mara nyingi unapanda polepole, kipima kina kinaweza kukuonya. La kwetu linasimama wima kama nguzo, kipima kina kinasoma mita 6 na omo imeshagonga.

#28 Mtu_wa_Kamanga
Hapo kwenye nguzo nakubali kwa asilimia mia. Ndiyo maana sikitegemei kile kifaa karibu na visiwa. Mimi naangalia minandi. Penye jiwe lililochungulia kidogo wanakaa kukausha mabawa, na jiwe lote linakuwa jeupe kwa kinyesi chao. Ndege wakikaa "juu ya maji", geuza.

#29 Kijana_wa_Mkuyuni
Kwani MV Bukoba si iligonga mwamba? Niliwahi kusikia hivyo.

#30 BibiWaNansio
Hapana mwanangu. Tuseme ukweli kwa heshima ya waliokufa. MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996 ikiwa inakaribia Mwanza kutoka Bukoba, ikachukua mamia ya watu. Ilikuwa imezidiwa na haikuwa na mlingano. Hapakuwa na mwamba. MV Nyerere nayo, 20 Septemba 2018, ilipinduka ikiwa karibu kabisa kufika Ukara, zaidi ya watu 220 wakafa mbele ya macho ya waliokuwa ufukweni wakiwasubiri. Huko nina watu wangu.

Nyie mnaozungumzia boti za starehe, kila mtu avae jaketi okozi kabla boti haijaondoka. Msilikalie, lifungeni kifuani. Na idadi ikifika, mwambieni rafiki yenu wa saba abaki.

#31 Kijana_wa_Mkuyuni
Pole sana mama. Nimekuelewa.

#32 MwanaIgombe
Pole bibi. 🙏

#33 Upepo_na_Mawingu
Nirudi kwa mtoa mada. Ulitoka saa ngapi, na mnarudi ilikuwa saa ngapi? Kuna maelezo mengine ambayo hayajaguswa: upepo.

Alfajiri upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Ndiyo maana wenye matanga wanatoka gizani. Jua likipanda, nchi inapata joto kuliko maji, upepo unageuka na kuja kutoka ziwani. Mdomo wa Ghuba ya Mwanza unaangalia kaskazini, kwa hiyo alasiri mawimbi yanaingia moja kwa moja. Wimbi la kina kirefu likikuta kilima kilichozama linainuka na kuvunjika. Mahali palipokuwa shwari saa tatu asubuhi panachemka saa tisa alasiri. Nahodha mzoefu hapiti pale hata asubuhi, ili asizoee njia itakayomuua jioni.

Pia upepo mkali ukivuma muda mrefu unalisukuma ziwa lenyewe, maji yanajaa upande mmoja wa ghuba na kupungua upande wa pili, kisha yanarudi. Jiwe lilelile linaweza kuwa salama asubuhi na baya jioni bila mvua kunyesha.

#34 MtembeziRockCity
Tulitoka saa mbili asubuhi, tukarudi kwenye saa kumi. Na kweli wakati wa kurudi palikuwa na mawimbi mafupimafupi eneo lile. Nilidhani ni ya boti iliyotupita.

#35 Mtu_wa_Kamanga
Mawimbi mafupi mahali pamoja na pembeni kumetulia? Basi narudi nyuma kidogo. Hilo linafanana na jiwe kuliko wavu.

#36 Nyundo_na_Mwamba
😄 Karibu nyumbani.

#37 Mtu_wa_Kamanga
Nimesema linafanana. Wavu haujaondoka kwenye orodha. Bado ile boti ya pili iliyozungukia kushoto haijaelezwa na mtu.

#38 Ssese_Boy
Kilima kina pande mbili. Unaweza kupita kokote.

#39 Mtu_wa_Kamanga
Si kwa anayelipia petroli mwenyewe. Kuna upande mfupi na mrefu, na sote tunaujua.

#40 Mwanasheria_wa_Maji
Kuhusu alama: usimamizi wa usalama wa vyombo vya majini uko chini ya TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Mkuu, ukinunua kiboti peleka kikaguliwe na ukate leseni kabla hujabeba hata shemeji yako. Alama zinawekwa kwanza kwenye njia za meli na feri, na huko ndiko kwenye watu wengi. Visiwa vidogo vya kutembelea vinabaki na elimu ya vichwani.

#41 Upepo_na_Mawingu
Na kabla ya kutoka fungua utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, wa Ziwa Victoria. Mvua za radi za ziwa hili huzaliwa ziwani kwenyewe usiku hadi alfajiri. Anayelala kisiwani akaamka kuondoka gizani ndiye yuko hatarini zaidi. Kuanzia Juni hadi Agosti nao upepo wa kusini-mashariki unakuwa na nguvu.

#42 Shabiki_wa_Rubondo
Tukitoka kwenye mawe ya ghuba, wapenda boti nendeni Rubondo. Hifadhi tangu 1977, unavukia Kasenda au Nkome. Kuna sokwe walioletwa miaka ya 1966 hadi 1969 kutoka bustani za wanyama za Ulaya wakaachiwa msituni, leo wazao wao wanajitegemea. Nzohe, wale swala wa kinamasi, wapo, tembo wapo.

#43 Dada_wa_Luchelele
Rubondo ni mbali kwa pochi zetu. Saanane inatosha: dakika chache kwa boti, pimbi wamejaa kwenye mawe, mjusi mwenye kichwa chekundu kila mahali. Ilianza kama bustani ya wanyama 1964, ikawa hifadhi ya taifa 2013. Ina kilomita za mraba 2.18 tu, na hapo wamehesabu na maji.

#44 KandoYaKirumba
Tena imebeba jina la mwenyeji aliyekuwa akiishi na kulima pale, mzee Saanane Chawandi. Hilo nalipenda sana. Jiwe la Kamanga lina jina la Mjerumani ambaye hakufika hapa, kisiwa kina jina la mkulima.

#45 OtienoWaMbita
Mtu anunue boti ya aina gani kwa hayo mawe yenu? Mbao ama fiberi?

#46 Mtu_wa_Kamanga
Mbao ikipigwa inavuja polepole, unaweza kufika ufukweni ukichota. Fiberi ni nyepesi na inakwenda, lakini pigo la jiwe la ncha linatoboa papo hapo. Mimi niko na mbao.

#47 MtotoWaGeita_Ontario
Alumini. Inabonyea, haitoboki upesi. Georgian Bay wengi wanaokwenda kwenye mawe wana alumini.

#48 Mtu_wa_Kamanga
Na fundi wa kuichomelea Mwaloni nitampata wapi?

#49 Pwani_Tanga
Mtoa mada, nina pendekezo. Kodi mtumbwi wa makasia, asubuhi mapema, nenda na bildi mpaka mahali penyewe, pima kila baada ya makasia machache, andika. Kina kikiwa cha jiwe utajua, kikiwa kirefu kote Kamanga atakuwa ameshinda.

#50 MzeeWaBusega
Mkienda, nendeni na mtu wa pale. Na msipime juu ya jiwe kabla hamjamuuliza.

#51 MtembeziRockCity
Nimempigia nahodha wangu, amekubali kunipeleka kwa mtumbwi Jumamosi. Nimemuuliza tena kuna nini, amesema mzee wake ndiye anayejua na atakuwepo. Kamba ninayo. Risasi ya bildi inatakiwa iwe na uzito gani?

#52 Pwani_Tanga
Kilo moja na nusu hadi mbili inatosha kwa kina hicho. Paka mafuta mazito chini yake: ikirudi na mchanga umegonga mchanga, ikirudi safi umegonga mwamba.

#53 Mtu_wa_Kamanga
Na ikirudi na wavu, piga simu.